Lavenda zangu tano zilikufa mvua zilipokolea, moja ikabaki getini. Nilikosea wapi?

SWALI: Kamwene mzee wetu, na shikamoo. Niko Ipogolo, Iringa. Mwezi wa saba mwaka jana nilinunua miche 6 ya lavenda kwa muuza maua wa barabarani. Mitano niliipanda bustanini. Nilichimba mashimo ya futi moja na nusu, nikayajaza samadi ya ng'ombe, nikatandaza nyasi juu na kumwagilia kila jioni. Wa sita ulikosa nafasi, nikauchomeka pembeni ya ukuta karibu na geti, pale yalipomwagwa mabaki ya ujenzi. Kiangazi chote ile mitano ilipendeza kuliko huo mmoja. Mwezi wa pili mmoja ukaanza kunyauka, na siku ambazo mvua haikunyesha nikawa naumwagilia. Ukafuata mwingine, na kufika Pasaka yote mitano imekauka. Wa getini uko hai mpaka leo, ila haujawahi kutoa ua hata moja. Je, nirudie, au lavenda haitaki huku kwetu? Na ikistawi, mafuta yake yanalipa?

JIBU: Kamwene binti yangu, marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa natafuta ile sentensi ya getini tu. Jibu umeliandika mwenyewe. Miche uliyoilea kama kichanga imekufa, na uliotupwa kwenye vipande vya tofali na plasta unadunda. Iringa haina kosa. Twende kwenye yale mashimo.

Kwanza ujue mmea huu unatoka wapi. Kwao ni nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania, kwenye vilima vyenye mawe ya chokaa, ardhi nyembamba ambayo mkulima wa mahindi angeikimbia. Huko mvua hunyesha wakati wa baridi, na joto likifika linakuta ardhi imeshakauka. Mtu akisikia hivyo husema basi ni mmea wa ukame, utaipenda Iringa, kwa sababu kuanzia Juni hadi Oktoba tone halidondoki. Hapo amepatia nusu. Kiangazi chetu hakiisumbui lavenda hata kidogo. Tatizo linakuja Desemba. Kwetu mvua na joto vinafika pamoja na kukaa pamoja hadi Aprili. Mizizi ambayo kwao hulowa ikiwa imepoa, huku inalowa ikiwa ya moto, na udongo wa moto uliojaa maji ndimo vimelea vya kuozesha mizizi vinamozaliana. Kinachoongoza kinaitwa Phytophthora. Kinatoa vijimbegu vyenye mikia, ambavyo huogelea kwenye maji yaliyosimama katikati ya chembe za udongo mpaka vikute mzizi. Udongo usiposhika maji, havina pa kuogelea.

Ndiyo maana huwa nawaambia watu wa Nyanda za Juu Kusini wasihesabu miezi ambayo lavenda yao imeishi kiangazi. Wahesabu Februari ilizozivuka.

Sasa tazama ulichofanya bila kujua. Ipogolo iko chini, upande wa Mto Ruaha Mdogo, na udongo wa maeneo kama hayo mara nyingi ni ule ule unaofyatuliwa tofali. Ukichimba shimo la futi moja na nusu kwenye mfinyanzi kisha ukalijaza kitu laini kama samadi, umetengeneza beseni. Maji ya mvua ya bustani nzima yanatafuta palipo laini, yanaingia humo, na kuta za mfinyanzi zinakataa kuyatoa. Kiangazi hukuliona hilo kwa sababu ulikuwa unatia maji ya ndoo, na jua linayanywa. Mvua za Januari zilipokuja zikalijaza beseni, likabaki limejaa.

Halafu kuna huu mtego wa kunyauka, ambao umewanasa watu wengi, hata wenye vyeti vya kilimo ukutani. Mzizi uliooza haunyonyi maji. Kwa hiyo majani yanalegea na kuinama sawasawa kabisa na ya mmea wenye kiu, wakati mmea umesimama kwenye maji. Mwenye bustani anaona huruma, anabeba ndoo. Maji hayo ndiyo yanayomalizia kazi.

Kama vile vijiti vikavu bado havijang'olewa, ng'oa kimoja uvute mzizi mmoja kati ya vidole viwili. Mzizi mzima ni mgumu na rangi yake ya ndani ni nyeupe au ya maziwa. Ulioozeshwa ni wa kahawia, na ganda lake linavuka kama soksi, unabaki na uzi mwembamba mkononi. Unuse. Ukisikia harufu ya dimbwi, hatuna haja ya kubishana tena.

Haya yamenikuta na mimi. Nikiwa kijana mbishi nilipanda miche 20 Tukuyu, nikiwa na hakika kwamba baridi ya kule itaifaa. Tukuyu inapata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Iringa mjini ni kati ya 600 na 750 hivi, nayo tunaiona nyingi. Bibi mwenye shamba la jirani aliniangalia nikipanda, akasema hapa ni pa migomba na chai, mwanangu, hayo majani ya kunukia yatalala. Aprili sikuwa na mche hata mmoja. Tangu siku hiyo nina kipimo changu: panaposhamiri chai, iwe Rungwe, Mufindi au Njombe, lavenda utaipata kwenye chungu tu. Chai inataka udongo wenye asidi na unyevu wa kudumu. Lavenda inataka kinyume cha yote mawili.

Ndiyo sababu ya pili ya geti lako. Plasta na saruji iliyovunjika ina chokaa ndani yake, na chokaa inapunguza asidi ya udongo. Lavenda hujisikia nyumbani kwenye pH (kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi imezidi) ya 6.5 hadi 8, wakati udongo mwingi wa nyanda zetu uko chini ya hapo. Vipande vya tofali navyo vinaacha mianya, maji yanapita yakaenda zake. Ukuta unapata jua mchana na kutoa joto jioni, kwa hiyo majani yanakauka upesi baada ya mvua. Umeijengea lavenda kilima cha Mediterania bila kukusudia! Huo mche usiuhamishe.

Turudi bustanini. Kabla ya kununua chochote, pima. Chimba kishimo cha futi moja kwenda chini na futi moja upana, kijaze maji, yaache yaishe yote, kisha kijaze tena na uchomeke rula. Baada ya saa 1 maji yakiwa yameshuka sentimita 3 au zaidi, hapo panaweza kufaa. Yakishuka chini ya hapo, au ukirudi baada ya chai ya saa nne ukayakuta vile vile, usipande ardhini. Panda juu yake. Vivyo hivyo kama bustani inateremkia kwenye vinyungu, yaani bustani za bondeni zenye unyevu: sehemu inayokupa mboga za majani mwezi wa tisa bila kumwagilia ni neema kubwa, na ndiyo hiyo hiyo itakayoua lavenda.

Kupanda juu maana yake ni tuta. Wewe ni mtu wa Iringa, tuta sikufundishi. Ila hili lisiwe tuta la viazi. Linyanyue sentimita 30 hadi 40, upana usipungue sentimita 80, na liwe na mgongo ili maji yateremke pande zote. Mchanganyiko wangu ni madebe 2 ya udongo wa kawaida kwa debe 1 la changarawe au mchanga mnene wa mtoni, ule unaokwaruza mkononi, na robo debe ya mboji iliyoiva kabisa. Mchanga laini wa kupigia plasta usiuguse. Tena kuwa makini: kuongeza mchanga kidogo kwenye mfinyanzi mwingi hakulainishi udongo, kunakupa tofali. Kama udongo wako ni mfinyanzi mtupu, ni bora ulete udongo wa juu kutoka mlimani kuliko kuhangaika kuubadilisha ulio nao. Iringa imejaa miamba, Gangilonga wenyewe si uko juu ya mji, na chini ya miamba ya namna hiyo huwa kuna changarawe za mawe yaliyomomonyoka ambazo ni dawa. Ndugu zetu wa Mbeya wao wana mawe mepesi ya volkano, yale yanayoelea majini, wayapondeponde wachanganye. Wa Usangu, kwenye udongo mweusi wa majaruba, watumie vyungu.

Usiweke kokoto chini ya shimo ukidhani zitachuja maji. Ushauri huo unarudiwa kila mahali, na haufai. Maji hayapendi kutoka kwenye udongo laini kuingia kwenye mawe mpaka udongo ule ushibe kabisa, kwa hiyo unayanyanyua yakae karibu zaidi na mizizi. Kokoto ziweke juu, kuzunguka shina, unene wa vidole viwili. Nyasi ondoa. Kwenye mahindi na maharage nyasi ni rafiki, lakini kwenye shina la lavenda zinatunza unyevu shingoni mwa mmea, na zikikauka zinaita mchwa.

Samadi, hapana. Najua inauma kuambiwa hivyo mtu mwenye ng'ombe. Samadi nyingi inaifanya lavenda ichipue majani laini, marefu, ya kijani kibichi, na wewe ukayasifu kwamba yamependeza. Huo ulikuwa unene wa ugonjwa. Lavenda yenye afya ina rangi ya kijivu kidogo, imebana, majani yake ni magumu, na harufu ni kali zaidi kuliko ya iliyolishwa. Mbolea ya kukuzia usiiwazie kabisa. Nachoweza kukuruhusu ni konzi moja ya majivu ya jikoni kwa mche, mara moja kwa mwaka mwishoni mwa mvua, kwa ajili ya ile asidi. Au chokaa ya kilimo unapotengeneza tuta, ukiwa umepima udongo.

Nafasi kati ya mche na mche iwe sentimita 70 hadi 90. Utaona ni kubwa mno wakati wa kupanda, lakini mvua ikifika upepo lazima upite katikati. Jua liwe la saa 6 kwa siku, si pungufu. Na usipande chini ya ukingo wa bati, kwenye ule mfereji unaochimbwa na matone ya paa.

Maji. Mche mpya unahitaji kusaidiwa miezi 2 au 3 ya mwanzo: mara mbili kwa wiki, asubuhi, lita 2 au 3 polepole kwenye shina na si juu ya majani. Ukishashika, kiangazi mwagilia kila baada ya siku 10 hadi 14, na kabla ya kumwagilia ingiza kidole mpaka kiungo cha pili. Ukigusa ubichi, rudisha ndoo. Kumwagilia kidogo kila jioni kunafundisha mizizi kukaa juu juu, na mmea wenye mizizi ya juu ni mtumwa wa ndoo yako. Wa chunguni hukauka haraka zaidi, huo uangalie kila siku 3 au 4. Mvua zikianza, kazi ya maji imekwisha hadi Mei, hata kama zitapumzika wiki mbili.

Kuhusu maua, hapo lawama si zako zote. Picha uliyotuma inaonyesha majani membamba, ya kijivu, kingo zake nyoofu. Hiyo ni Lavandula angustifolia, lavenda halisi yenye harufu tamu ambayo manukato hutengenezwa kwayo. Inazaa maua kwa kufuata majira ya kwao: ipate baridi ya kutosha kwanza, kisha siku zirefuke. Kusini mwa Ufaransa siku ya katikati ya mwaka ina mwanga wa zaidi ya saa 15. Iringa, tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi ya mwaka mzima haifiki saa nzima. Mmea unasubiri ishara ambayo jua letu halitoi. Kwenye baridi kali zaidi, kama Makete na Njombe, una nafuu kidogo, na hata wako unaweza siku moja kukutolea mashada machache baada ya baridi ya Julai. Usiuwekee matumaini.

Unayotaka ni Lavandula dentata. Utaitambua bila kusoma kibandiko: kingo za majani zina meno madogo kama msumeno wa kukatia chuma, na kichwa cha ua kina vijani vya zambarau vilivyosimama kama kishungi. Haingojei baridi wala siku ndefu, na kwenye hali ya hewa kama ya Iringa huweza kutoa maua karibu mwaka mzima. Harufu yake, nikuambie ukweli, ina ukali unaokaribia kafuri, si ule utamu wa sabuni za dukani. Nyuki hawajali tofauti hiyo. Udhaifu wake ni barafu ya alfajiri, kwa hiyo mtu wa Mafinga aifunike kwa gunia usiku wa Juni na Julai. Wewe wa Ipogolo huna shida hiyo.

Kuna aina ya tatu, mseto uitwao Lavandula × intermedia, ambao Wafaransa wanaulima kwa mafuta mengi. Hautoi mbegu zinazoota, unazalishwa kwa matawi tu. Akikuuzia mtu pakiti ya mbegu zake, mwachie.

Mbegu za lavenda kwa jumla zinachelewa kuota, na miche yake haifanani na mama. Tumia vipandikizi, na unao mama getini ambaye ameshafaulu mtihani. Mwishoni mwa Aprili au Mei, mvua zikikata, chagua tawi lisilo na ua ambalo juu ni bichi na chini limeanza kukakamaa. Livute kuelekea chini lichanike na kisigino kidogo cha ganda la shina mama. Hicho kisigino ndicho kinachotoa mizizi upesi. Liwe na urefu wa kidole kirefu, sentimita 8 hadi 10. Toa majani nusu ya chini, chomeka kwenye mchanga mtupu wenye unyevu, kwenye kopo lililotobolewa, uweke kivulini penye mwanga. Kwa baridi yetu ya Juni itachukua wiki 6 hadi 8. Usivute kila siku kuangalia. Ncha ikianza kuchipua majani mapya, na ukiigusa inakataa kuja, imeshika. Hamishia kwenye viriba, na Agosti au Septemba peleka kwenye tuta, ili iwe na miezi 3 ya kujikita kabla ya Desemba. Chomeka 12 upate 6 au 7, ndivyo ilivyo. Ukipata shina la dentata kwa rafiki, njia ni hiyo hiyo.

Kupogoa ndipo watu wanapoharibu hata lavenda iliyoshinda mvua. Isipopogolewa inakuwa na miguu mirefu ya kuni na kichwa cha majani juu, kisha inapasuka katikati. Ikikatwa kupita kiasi haichipui. Fungua majani utazame shina: kuna sehemu ya kijivu iliyo wazi kabisa, na juu yake inaanza sehemu yenye vichipukizi vidogo vya kijani kama punje za ulezi. Kata vidole viwili au vitatu juu ya punje hizo, usishuke chini yake kamwe. Fanya hivyo maua yakipungua, ukiondoa kama theluthi ya urefu. Na kwa sababu ya mvua zetu mimi naongeza awamu moja: Novemba mwanzoni napunguza matawi ya katikati yaliyosongamana, kila mche dakika 5 tu, ili hewa ipite.

Umeuliza kama mafuta yanalipa. Kwa miche 6, hapana. Kupata lita 1 ya mafuta ya lavenda halisi kunahitaji zaidi ya kilo 100 za maua mabichi, na hiyo lavenda halisi ndiyo inayotubania maua. Ukivuna kidogo cha dentata, kata asubuhi umande ukishakauka, wakati nusu ya vijiua vya shada vimefunguka. Funga vifungu vidogo, ning'iniza vichwa chini kwenye chumba chenye giza na hewa kwa wiki 2. Weka kwenye vifuko vya kitambaa kabatini. Nondo hawaipendi harufu, na mashuka yanakaa vizuri. Mwenye mizinga ya nyuki yeye atafaidi zaidi yangu na yako.

Basi, mwaka huu anza na matuta mawili na chungu kimoja cha udongo chenye tundu, ambacho mvua ikizidi utakisogeza barazani. Na Februari ikifika, ukiona tawi limelegea, acha ndoo ilipo. Chukua kijiti, fukua sentimita 10 pembeni ya shina, shika udongo uufinye. Ukitoa maji kwenye vidole, ondoa kokoto upande mmoja, chimba mfereji wa kutoa maji kwenye tuta siku hiyo hiyo, ukate na vipandikizi vitatu kwenye matawi ambayo bado yamesimama.